Aliyefanya kazi ajulikane: somo kutoka kwa watengenezaji wa michezo ya Atari

Ingia katika nyumba yoyote ya michezo ya video ya Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia. Kijana mwenye kushika maneti atakutajia wachezaji wote wa Barcelona, namba zao na aliyepita kuwafundisha. Sasa muulize: huu mchezo wenyewe ulitengenezwa na nani? Atakutajia jina la kampuni, basi. Ukimuuliza jina la mtu, atacheka.

Kijana huyo hana kosa. Tangu mwanzo, kampuni nyingi za michezo ya video zilifanya kusudi ili mchezaji asijue ni nani aliyemfurahisha. Hata Super Mario Bros. ya mwaka 1985, mchezo ambao karibu kila mtu ameusikia, inaisha bila kuonyesha jina la aliyeutengeneza. Katika michezo mingi ya Japani ya miaka ile, watengenezaji waliandikwa kwa majina ya utani, kwani wakubwa wao waliogopa kwamba kampuni nyingine itawavuta.

Maoni yangu ni haya: jina la mtu kwenye kazi yake si pambo. Mtu akikunyima jina, ameanza pia kukunyima malipo. Na kama kuna mahali ambapo jambo hilo lilionekana wazi kabisa, ni katika kampuni ya Atari, zaidi ya miaka 40 iliyopita. Sisi watu wa Mashariki mwa Congo tuna sababu zetu za kuisikiliza hadithi hiyo.

Mtu mmoja, mchezo mmoja

Mwezi wa Septemba 1977, Atari, kampuni ya Sunnyvale katika jimbo la California, Marekani, ilitoa konsoli ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Atari 2600. Mashine nyingi za nyumbani za wakati ule zilikuwa na michezo michache iliyofungwa ndani yake. Ukichoka nayo, imeisha. Hii ilikuwa tofauti. Ulinunua kaseti, ukaichomeka, ukacheza. Ukitaka mchezo mwingine, ulinunua kaseti nyingine. Konsoli hiyo iliuzwa kwa miaka mingi, na hesabu inayotajwa sana ni kama milioni 30.

Lakini uwezo wake ulikuwa mdogo kupita kiasi. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa ya baiti 128 tu, yaani kama herufi 128, sentensi moja ndefu ya makala hii. Kaseti za kwanza zilibeba kilobaiti 2, kisha 4. Mashine haikuweza hata kuhifadhi picha nzima ya skrini. Aliyeandika programu alilazimika kuipa amri mstari kwa mstari, wakati uleule televisheni ilipokuwa inachora, huku akihesabu muda wa kila amri. Akichelewa kidogo, picha inaharibika.

Na kazi hiyo yote kwa kawaida ilifanywa na mtu mmoja. Yeye ndiye alibuni mchezo, akaandika programu, akachora picha, akatengeneza sauti, akajaribu, akasahihisha. Ilichukua miezi mingi. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba ilikuwa vigumu kujua mwenye kazi. Kila mchezo ulikuwa na mwenyewe, sawa na wimbo ulio na mtunzi. Hata hivyo, ukitazama kartoni ya kaseti, unaona picha nzuri ya rangi na jina la Atari. La mtunzi, hapana.

Aliyeficha jina lake ndani ya chumba

Warren Robinett alikuwa mmoja wa watengenezaji hao. Aliandika mchezo unaoitwa Adventure, ambamo mchezaji anatembea katika majumba, anabeba funguo na kupigana na majoka. Robinett ameeleza mara nyingi kwamba mshahara wake ulikuwa kama dola 22.000 kwa mwaka, na kwamba mchezo wake uliuzwa kaseti milioni moja, kila moja kwa dola kama 25. Fanya hesabu mwenyewe. Hakupata asilimia yoyote, na hata kutajwa hakutajwa.

Alifanya nini? Hakugoma. Alijenga ndani ya mchezo chumba cha siri. Ili kufika pale, ni lazima mchezaji aokote nukta moja ndogo sana, yenye rangi sawa na sakafu, kisha aibebe mpaka mahali fulani. Mlango unafunguka, na ndani kuna maneno yanayosema kwamba mchezo uliumbwa na Warren Robinett. Hakumwambia mtu. Aliacha kazi mwaka 1979, na kaseti zikaendelea kutengenezwa zikiwa na jina lake ndani.

Siri iligunduliwa na mtoto wa miaka 15 wa Salt Lake City, ambaye aliandikia kampuni barua. Wakubwa walifikiri kuliondoa jina, lakini kutengeneza chipu upya kungewagharimu dola elfu nyingi. Ndipo mmoja wa wakuu wa idara akatoa wazo kwamba mambo ya siri kama hayo yawe furaha kwa wachezaji, kama mayai ya Pasaka ambayo watoto wanatafuta kwenye majani. Mpaka leo, siri inayofichwa ndani ya mchezo inaitwa yai la Pasaka. Watu wengi wanaona hadithi hiyo ni ya kuchekesha. Mimi naona inasikitisha: mtu mzima, fundi wa kiwango cha juu, analazimika kuiba nafasi ndani ya kazi yake mwenyewe ili aweze kusema «ni mimi».

Wanne waliofungua mlango

Wengine hawakujificha. Mwaka 1976 Atari ilikuwa imenunuliwa na Warner, kampuni kubwa ya filamu na muziki. Mkurugenzi aliyechukua uongozi mwaka 1978, Ray Kassar, alitoka katika kampuni ya vitambaa. Mwaka 1979 idara ya biashara ilisambaza karatasi yenye mauzo ya kila kaseti, ili mafundi waone michezo gani inauzwa na watengeneze mingine ya namna ile.

Watengenezaji wanne, David Crane, Larry Kaplan, Alan Miller na Bob Whitehead, waliisoma karatasi ile kwa jicho lingine. Walihesabu wakaona kwamba michezo yao wanne ilileta kama asilimia 60 ya mauzo yote ya kaseti: mamilioni ya dola, wakati wao walikuwa wanapata mshahara wa dola elfu 20 hadi 30 hivi kwa mwaka. Walienda kwa mkubwa wakaomba mambo mawili ambayo Warner yenyewe ilikuwa inawapa wanamuziki wake: jina na sehemu ya mauzo.

Kadiri Crane anavyosimulia, Kassar aliwajibu kwamba umuhimu wao haupiti ule wa mfanyakazi wa kiwandani anayeunganisha kaseti. Shika neno hilo, tutalirudia.

Wanne wakaondoka. Tarehe 1 Oktoba 1979, pamoja na Jim Levy, mtu aliyetoka katika biashara ya muziki, walianzisha Activision, kampuni ya kwanza iliyotengeneza kaseti za konsoli ya kampuni nyingine. Atari iliwashitaki mahakamani mwaka 1980; kesi ilimalizika kwa mapatano mwaka 1982. Kuanzia hapo, yeyote mwenye ujuzi na mtaji aliweza kutengeneza mchezo bila kutengeneza mashine. Biashara nzima ya michezo ya leo inapita katika mlango huo.

Jambo lingine walilolifanya halikuwahitaji pesa nyingi: waliweka jina la mtunzi. Katika kitabu kidogo cha maelezo ulikuta picha yake na shauri lake la namna ya kushinda. Mwaka 1982 Crane alitoa Pitfall!, mtu anayekimbia porini akiruka mamba na mashimo, mahali 255 tofauti ndani ya kaseti ya kilobaiti 4. Iliuzwa zaidi ya milioni 4, na waliocheza walijua kwamba ni kazi ya David Crane.

Mwaka huohuo, Carol Shaw, mwanamke aliyesomea chuo kikuu cha Berkeley, alitoa River Raid, ndege inayopita juu ya mto ikitafuta mafuta na kulipua madaraja. Shaw alikuwa mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa kuandika michezo kwa kazi. Ameeleza kwamba alipokuwa Atari, mkurugenzi alifurahi kumwona kwa sababu, kadiri alivyofikiri, sasa kuna mwanamke wa kuchagua rangi na kutengeneza michezo ya vipodozi na mapambo ya nyumba. Jibu lake ni River Raid, iliyouzwa zaidi ya milioni moja. Asilimia aliyopata katika mauzo ilimsaidia kuacha kazi ya mshahara mapema, mwaka 1990. Huko ndiko jina na mkataba vinaweza kumfikisha mtu.

Jina si la sifa tu

Kuna watakaosema: hawa walitafuta ukubwa. Hapana. Jina lina uzito wa pande mbili, na wa pili ni lawama.

Howard Scott Warshaw, aliyetengeneza mchezo uliopendwa sana wa Yars' Revenge, aliombwa mwaka 1982 kutengeneza mchezo wa filamu E.T. Atari ilikuwa imelipa mamilioni ya dola kwa haki za filamu, na ilitaka kaseti iwe madukani kabla ya Noeli. Alipewa wiki tano. Alimaliza. Kampuni ilitengeneza kaseti kama milioni 4, nyingi hazikuuzwa. Mwaka 1983 bidhaa nyingi za Atari zilizikwa katika shimo la takataka la Alamogordo, jimbo la New Mexico, na kaseti za E.T. zilikuwamo, kama ilivyohakikishwa zilipofukuliwa Aprili 2014.

Kwa miaka mingi watu walimwita Warshaw mtu aliyeua biashara ya michezo. Si haki. Soko lilianguka kwa sababu kampuni zilijaza maduka kaseti mbovu, na kwa sababu kompyuta za nyumbani zilianza kushuka bei. Uamuzi wa wiki tano haukuwa wake peke yake, na uamuzi wa kutengeneza kaseti milioni 4 haukuwa wake hata kidogo. Lakini yeye hakukimbia. Siku ya kufukua alikuwa pale, mbele ya kamera. Anayejulikana anaweza kuulizwa na anaweza kujibu. Asiyejulikana hawezi kufanya lolote kati ya hayo, na ndiyo maana wakubwa wabaya wanapenda kazi zisizo na majina.

Pia ni lazima jina liandikwe vizuri. Chukua mfano wa Jerry Lawson, mhandisi mweusi aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1940. Ndiye aliyeongoza kazi ya Channel F, konsoli ya kampuni ya Fairchild iliyotoka mwaka 1976, kabla ya Atari 2600, na ya kwanza kutumia kaseti za kubadilisha zenye chipu ya programu. Kwa miaka mingi alisahauliwa. Chama cha watengenezaji wa michezo kilimpa heshima mwezi wa Machi 2011. Mwezi uliofuata akafa. Leo anaitwa baba wa kaseti ya michezo, na anastahili. Lakini hata hapo kuna majina nyuma ya jina: Wallace Kirschner na Lawrence Haskel, wa kampuni ndogo ya Alpex, ndio waliotengeneza mfano wa kwanza wa mashine hiyo, kabla Fairchild haijainunua kazi yao na Lawson na wenzake kuigeuza kuwa bidhaa ya kuuzwa. Kumpa mmoja haki yake kusiwe njia ya kuwanyang'anya wengine.

Na yule wa kiwandani?

Sasa turudi kwenye neno la Kassar. Aliposema kwamba mtengenezaji wa mchezo hapiti mfanyakazi anayeunganisha kaseti, alitaka kuwadharau wote wawili. Wanne walikasirika, na walikuwa na haki. Lakini yule wa kiwandani hakuwa na Activision ya kukimbilia. Mwezi wa Februari 1983, Atari ilitangaza kwamba inapeleka kazi za viwanda vyake Hong Kong na Taiwan, na wafanyakazi 1.700 wa Marekani wakapoteza kazi. Mashabiki wa michezo ya kale wanaweza kukusimulia chumba cha siri cha Robinett kuanzia mwanzo hadi mwisho. Jaribu kuwaomba jina la hata mmoja kati ya hao 1.700.

Na chini ya kiwanda kuna shimo. Hapa ndipo hadithi inagusa nyumbani. Koltani inatoa tantali, na tantali inatumiwa katika vipande vidogo vinavyoshika umeme ndani ya simu, kompyuta na konsoli. Mwaka 2000, wakati mahitaji ya vifaa hivyo yalipokuwa makubwa na PlayStation 2 inaanza kuuzwa, bei ya tantali ilipanda mara kadhaa kwa miezi michache. Wazazi wetu wa Masisi, Walikale na pembeni ya Kahuzi-Biega wanakumbuka: mashamba yaliachwa, watoto walitoka shuleni, kila mtu alishika chepeo. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Katikati, makundi yenye silaha yalikula, kama wataalamu wa Umoja wa Mataifa walivyoandika katika ripoti yao ya mwaka 2001. Konsoli ile leo nayo inaitwa ya kale, na imebaki katika nyumba nyingi za michezo za miji yetu. Kijana wa Goma anaweza kuwa ameshika mkononi kitu kilichotoka kwenye kilima anachokiona dirishani, bila mtu hata mmoja wa kilima kile kutajwa popote.

Sisemi kwamba mchimbaji na mwandishi wa programu wanafanya kazi moja, ao kwamba majina yote yanaweza kuandikwa kwenye kartoni. Nasema kwamba desturi ya kumficha mfanyakazi haisimami kwenye ghorofa moja. Inaanzia juu, kwa fundi wa ofisini, na inashuka mpaka chini, kwa yule aliye shimoni. Ukiikubali juu, huna neno la kusema chini.

Kwetu tuanze na nini

Watu wanaoumia kwa jambo hili si wa California tu. Katika miji yetu kuna vijana wanaotengeneza midundo ya nyimbo, wanaochora mabango, wanaopiga video za harusi na za miradi, wanaoandika programu za simu. Wengi wanalipwa mara moja, kwa mkono, bila karatasi. Kazi ikipata sifa, jina linalotajwa ni la mwenye studio ao la mwenye mradi.

Na sisi waandishi wa habari tusijitoe. Picha na habari nyingi za vita vya Mashariki zinazoonekana duniani zimepita mikononi mwa mwenzetu wa hapa, aliyejua njia, lugha na mtu wa kupigia simu. Mara nyingi jina lake halionekani mwishoni. Kweli, wakati mwingine jina linaweza kumletea mtu risasi, na hapo kulificha ni kumlinda. Lakini anayepaswa kuamua ni yeye mwenye hatari, si yule atakayechukua tuzo.

Sheria haitukatazi, inatusaidia. Sheria ya Congo juu ya haki za watunzi, namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, inamtambua mtunzi na haki yake juu ya kazi yake. Kinachokosekana ni desturi. Kwa hiyo, kijana: kabla hujaanza kazi, omba karatasi, hata ya ukurasa mmoja, yenye mambo matatu: jina lako litaandikwa wapi, utalipwa kiasi gani, na kazi ikiuzwa tena utapata nini. Weka nakala za mwanzo za kazi yako pamoja na tarehe. Mwajiri: usiogope kwamba ukimtaja fundi wako utanyang'anywa. Atari haikupoteza mafundi wake kwa sababu iliwataja. Iliwapoteza kwa sababu ilikataa. Walipokwisha kuondoka ndipo ilianza kuwapa waliobaki sehemu ya mauzo.

Kuna wanaosema kwamba leo mchezo mmoja unatengenezwa na watu mamia, na orodha itakuwa ndefu mno. Iwe ndefu. Filamu zinaonyesha orodha ya namna hiyo kila siku na hakuna aliyekufa kwa kuisoma. Na anayesema kwamba mwajiri amekwisha kulipa mshahara, kwa hiyo kila kitu ni chake, anachanganya mambo mawili. Mwenye kununua nyumba ni mwenye nyumba, hilo ni kweli. Lakini fundi aliyeijenga anabaki ndiye aliyeijenga, na kesho mtu mwingine akitaka nyumba nzuri, ni lazima ajue wa kumwita.